Vifaa vya kisasa vya askari wa miguu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tangu miaka ya 1990 majeshi mengi yamekuwa yakijaribu kumvisha askari wa miguu mfumo mmoja unaounganisha redio, kompyuta, ramani ya kidijitali, miwani ya kuonea gizani na bunduki yake. Picha zake huvutia, na maneno yanayozifuata mara nyingi humsahau yule anayebeba vitu hivyo mwilini.

Dhana: Askari akiongezewa vifaa, uwezo wake huongezeka

Hii ndiyo dhana kongwe, na kwa maoni yangu ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote. Kila kifaa kina uzito wake, kinataka betri, tena kinachukua sehemu ya akili ya askari wakati anapohitaji macho na masikio yake yote.

Mwaka 2003 wachunguzi wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani walifuatana na askari wa Divisheni ya 82 nchini Afghanistan, wakapima mizigo yao. Askari wa kawaida wa bunduki alibeba wastani wa kilo 28 na ushee akiwa tayari kwa mapambano, na kilo 43 hivi akiwa na begi la mwendo. Mwongozo wa jeshi hilohilo ulitaka mzigo wa mapambano usizidi kilo 22 hivi. Kwa hiyo hata kabla mhandisi hajaleta skrini yake, askari alikuwa ameshazidiwa.

Kazi ngumu ya kuunganisha vifaa basi ni kupunguza. Redio na kompyuta zinywe umeme kutoka betri moja, waya zipungue, na kifaa kipya kikiingia kuwe na kinachotoka. Betri zenyewe ni mzigo mkubwa. Kikosi kinachokwenda doria ya siku tatu bila mahali pa kuchaji hulazimika kubeba za akiba, na kwenye baridi kali betri za lithiamu hupoteza sehemu ya nguvu zake, hivyo akiba huongezwa tena.

Dhana: Kifaa kikifaulu maabara, kiko tayari kwa vita

Maabara ina kazi yake, na si ndogo. Huko Natick, jimbo la Massachusetts, vipo vyumba vya Doriot vilivyofunguliwa mwaka 1954, ambamo joto hushushwa hadi nyuzi 57 chini ya sifuri au kupandishwa hadi 74, pamoja na mvua na upepo. Kanuni za majaribio za jeshi la Marekani, MIL-STD-810, zina jaribio la kuangusha kifaa mara 26 kutoka kimo cha mita 1.22. Hayo yote hueleza kama kifaa kitadumu. Hayaelezi kama binadamu anaweza kukimbia, kutambaa na kulenga shabaha akiwa amekivaa.

Mfano ulio wazi ni miwani ya IVAS, inayomwonyesha askari ramani na taarifa mbele ya macho yake, iliyotokana na HoloLens, miwani ya kompyuta ya Microsoft. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilipewa mkataba ambao ungeweza kufikia dola bilioni 21.88 katika miaka 10. Askari walipoijaribu mwaka 2022 waliumwa kichwa, macho yakachoka, wengine wakapatwa na kichefuchefu. Ofisi ya majaribio ya Wizara ya Ulinzi ilieleza kwamba, kati ya waliopata usumbufu, zaidi ya asilimia 80 waliupata kabla ya saa 3 kwisha. Aprili mwaka huohuo mkaguzi mkuu wa wizara alikuwa ameshaonya kwamba kununua miwani bila kwanza kuweka kiwango cha kukubalika kwa watumiaji kungeweza kupoteza fedha zote hizo. Bunge likakataa kugharimia ununuzi mkubwa, miwani ikaundwa upya, na mwaka 2025 kampuni ya Anduril ikachukua mradi.

Wapo wanaolitaja jambo hili kama aibu ya majaribio. Mimi naona majaribio yalifanya kazi yake barabara: maumivu yalijulikana uwanjani, kabla ya vita.

Dhana: Mavazi ya chuma yenye mota yako karibu kuingia vitani

Kamandi ya vikosi maalumu ya Marekani ilitangaza mwaka 2013 mradi wa TALOS, wa kutengeneza vazi la aina hiyo. Mwaka 2019 ilikiri kwamba vazi kamili halikufaa kwa mapigano ya karibu, ikabaki na baadhi ya vipande vyake.

Dhana: Mradi ukifutwa, kila kitu kimepotea

Land Warrior, mfumo wa kuunganisha vifaa vya askari wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, ulikatiwa fedha mwaka 2007. Mwaka huohuo batalioni moja ya Rejimenti ya 9 ilikwenda nao Iraki. Ulichongwa upya na watumiaji: uzito ulikuwa umeshuka kutoka kilo 7 hivi hadi kilo 5 hivi, na badala ya kila askari kuuvaa, ukapewa viongozi wa vikosi vidogo na wakubwa wao. Askari wenyewe waliomba njia ya kuweka alama kwenye ramani ili wenzao wote wazione papo hapo, kwa kuwa hilo ndilo walilohitaji usiku katika mitaa wasiyoijua.

Maarifa hayo yaliingia katika mfumo uliofuata, Nett Warrior, unaotumia simu janja ya kawaida iliyounganishwa kwa waya na redio ya kijeshi, huku mawasiliano yake yenyewe yasiyo ya waya yakiwa yamezimwa.

Dhana: Ukubwa mmoja humfaa kila askari

Kwa miaka mingi askari wanawake wa Marekani walivaa fulana za kuzuia risasi zilizoshonwa kwa vipimo vya wanaume. Zilikuwa ndefu mno, zikawachoma nyonga walipoketi, zikaacha nafasi ubavuni na kuwazuia kuegemeza bunduki begani sawasawa. Mwaka 2012 wanawake wa Divisheni ya 101 walianza kujaribu fulana iliyokatwa kwa maumbo yao. Mwaka huo pia ulikamilika upimaji wa miili ya wanajeshi zaidi ya 6,000, wanawake wakiwa 1,986, na vipimo hivyo ndivyo wabunifu wa vifaa wanavyovitumia.