Darubini ndani ya jicho: ni nani anaweza kuwekewa?

Mama ana miaka 78. Akikutazama, uso wako hauoni, lakini mlango ulio kando yako anauona. Ni mtoto wa jicho?

Mtoto wa jicho huleta ukungu kila upande. Hapa inaelekea kilichochakaa ni makula, kisehemu cha katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) tunachosomea na kutambulia sura za watu. Daktari wa macho atathibitisha.

Nimesikia kuna darubini inayopandikizwa jichoni.

Ipo. Marekani iliiruhusu mwaka 2010 kwa wenye miaka 75 na kuendelea, na mwaka 2014 umri ukashushwa hadi 65. Haizidi punje ya njegere. Lenzi ya asili hutolewa, nayo huwekwa mahali pake, ikikuza picha mara 2.2 au 2.7 ili iangukie pia sehemu za retina zilizo hai kuzunguka kovu la makula. Doa la katikati halifutiki, ila linaficha sehemu ndogo zaidi ya picha.

Huwekwa jicho moja tu, kwa sababu jicho hilo hupoteza uoni wa pembeni. La pili ndilo litakalomwonyesha ngazi na kizingiti. Ubongo lazima ujifunze kuyagawia macho kazi, na hayo ni mazoezi ya miezi. Asiye na subira ya mazoezi, upasuaji huu haumfai.

Mama alishatolewa mtoto wa jicho macho yote mawili.

Basi lenzi zake za asili zilishatolewa, na kwa masharti ya kibali kile cha Marekani, hafai. Wazee wengi hukwama hapo. Wanaofaa nao hujaribishwa kwanza darubini ya nje. Isipowasaidia, hakuna upasuaji. Hatari kubwa ni konea, kioo cha mbele ya jicho, kupoteza seli na kuvimba, na wengine huhitaji kupandikizwa konea nyingine.

Nimesikia pia kuna chipu inayowekwa jichoni. Je, hiyo?

Inaitwa PRIMA: milimita 2 kwa 2, huwekwa chini ya retina na kupokea picha kutoka kamera iliyo kwenye miwani. Matokeo ya utafiti wa Ulaya yalitolewa Oktoba 2025: kati ya wagonjwa 32 waliofuatiliwa mwaka mzima, 26 uoni wao uliongezeka kwa kiwango cha maana. Wanasoma herufi polepole, bila rangi.

Kwa sasa tufanye nini?

Mtafutieni lenzi ya kukuzia na taa kali ya kusomea. Ninyi watoto wake mliofika miaka 50, fumbeni jicho moja mtazame karatasi ya mirabaraba, kisha mbadilishe. Mistari ikionekana imepinda, nendeni kliniki wiki hiyohiyo, maana aina ya ugonjwa huu inayovujisha damu hudhibitiwa kwa sindano ikiwahiwa.