Usonji hauletwi na mama asiye na upendo

Bado kuna watu wakiangalia dokumentari ya familia yenye mtoto mwenye usonji (autism, yaani ubongo unakua tofauti na kuathiri mawasiliano na tabia) wanamkodolea macho mama tu, eti mbona hamkumbatii, ndo maana mtoto yuko hivyo. Hapana jamani, hiyo dhana ilishakataliwa kisayansi zamani. Mwaka 1943 huko Marekani daktari Leo Kanner alipoelezea watoto 11 wenye usonji aligusia pia kwamba wazazi wao wengi hawakuwa wakunjufu, baadaye mwanasaikolojia Bruno Bettelheim akaikuza hiyo hoja mpaka kina mama wakaitwa mama friji, yaani baridi kama friji, yani mtu unalea kwa shida zote halafu unaambiwa we ndo umemharibu mwanao. Inauma sana. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, aliipinga kwenye kitabu chake cha 1964, na 1977 utafiti wa jozi 21 za mapacha ukaonyesha mchango mkubwa ni wa jeni, yaani vinasaba vya kurithi.

Dokumentari ya Refrigerator Mothers ya 2002 iliwaacha hao kina mama waongee wenyewe, na mi naona hapo ndo kamera inasaidia. Maana kamera inaweza pia kupotosha, unaonyeshwa mtoto anapanga vigari mstari mmoja, mama kasimama pembeni kimya, we unaona ubaridi kumbe mwanae akiguswa ghafla anaumia kweli, mama anasubiri amalize, na akimaliza anakuja mwenyewe kumwegemea, ila kipande hicho kimekatwa.