Shayiri kuota kabla ya mavuno: maana yake, na kwa nini kuizuia si rahisi

Kuota kabla ya mavuno ni pale punje za shayiri zilizokomaa zinapoanza kumea zikiwa bado kwenye masuke shambani. Mvua ya siku kadhaa mfululizo, huku mkulima wa Narok, Molo au Timau akingoja shamba likauke apitishe mashine, yatosha kuleta balaa hilo.

Hasara huonekana lori linapofika Nairobi. Kiwanda cha kimea, yaani shayiri iliyooteshwa na kukaushwa ya kutengenezea bia, kinataka punje hai. Huzilowesha, huziotesha kwa siku 4 hadi 6, kisha huzikausha kwa hewa moto. Punje iliyoanza kuota shambani imeshatumia sehemu ya wanga wake, na ikikaa ghalani kiini chake hufa upesi, haioti tena. Shehena ya namna hiyo hukataliwa, ikauzwa kwa bei ya chini iwe chakula cha mifugo. Mkulima anaadhibiwa kwa mvua ambayo hakuwa na uwezo wa kuizuia, na kwangu mimi hilo ndilo linalofanya utafiti wa kuzuia kuota huko uwe na uzito.

Kinga imo ndani ya mbegu yenyewe: usingizi. Homoni ya asidi ya absisiki huizuia punje isiote hata ikilowa, na homoni nyingine, jiberelini, huiamsha. Usingizi huo hupungua taratibu punje ikikaa kavu ghalani.

Sasa, kwa vizazi vingi wateuzi wa mbegu walipenda shayiri inayoota haraka na kwa pamoja, kwa kuwa ndivyo kimea kizuri kinavyotaka. Kwa kufanya hivyo waliutupa usingizi. Ukiurudisha wote, kiwanda kitakaa na maghala yaliyojaa punje zisizoamka kwa miezi. Kinachotafutwa ni usingizi wa kadiri, wa kuvuka majuma ya mavuno tu.

Mwaka 2016 watafiti walitambua jeni mbili (vinasaba vya urithi) zinazoongoza usingizi huo, Qsd1 na Qsd2, zote kwenye kromosomu ya 5H, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni za shayiri. Kwa hiyo mche mchanga waweza kupimwa jeni hizo kwa kipande cha jani. Hata hivyo, ili kuupima usingizi wenyewe, masuke bado hukatwa, yakanyunyiziwa maji na punje zilizoota zikahesabiwa, tena kutoka mashamba tofauti: joto wakati punje inajaa hupunguza usingizi, hivyo mbegu iliyostahimili kwenye baridi ya Mau yaweza kuota mahali penye joto zaidi.