Joto na mkorosho: yanayosemwa shambani na yaliyo kweli

"Mkorosho ni mti wa jua, joto likizidi na korosho zinazidi." Ukipita Mtwara na Lindi utaambiwa hivyo, na nusu yake ni kweli. Mti huu asili yake ni kaskazini-mashariki mwa Brazil, baridi ya kugandisha huuua, na majani yake huvumilia hata nyuzi joto 40. Lakini jani si ua. Mkorosho hustawi vizuri kwenye wastani wa nyuzi 24 hadi 28. Joto likipita 35 hivi wakati wa maua, na hewa ikawa kavu, maua hukauka kabla ya kushika, na korosho changa zenye ukubwa wa gololi hupukutika. Mti unabaki kijani kibichi, kwa hiyo mwenye shamba hashtuki mpaka siku ya mizani.

Zikipukutika, wengine husema kuna mkono wa mtu. Naumia nikisikia majirani wakinuniana kwa hilo. Kishada kimoja hubeba mamia ya maua, mengi yakiwa dume, na dume halizai. Hata yale yenye uwezo wa kuzaa, machache tu hufika mwisho. Korosho changa nyingine mti wenyewe huziachia. Okota zilizoanguka uzitazame: zenye madoa meusi yaliyobonyea zimefyonzwa na mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza utomvu wa mti huu. Zilizosinyaa bila jeraha, fikiria joto na ukame kwanza.

Wapo wanaoamini kwamba bibo, lile tunda laini linaloshika korosho, likinenepa, korosho nayo inanenepa. Ni kinyume. Korosho hutangulia, hufikia ukubwa wake wote ingali kijani na laini, kisha hupungua kidogo na kukomaa ganda, na hapo ndipo bibo huvimba. Tangu ua kuchavushwa hadi korosho kuanguka ni kama miezi miwili. Kwa hiyo joto kali la wiki za mwanzo ndilo la kuogopa. Maji ya kumwagia mabibo yakishaiva hayaongezi ukubwa wa korosho.

Kipupwe nacho husingiziwa. Ukavu na ubaridi wa Juni na Julai ndio unaoufanya mti utoe maua. Shida ni kwamba ubaridi huohuo, pamoja na unyevu wa asubuhi, hulea ubwiriunga, ule unga mweupe unaochoma vishada. Salfa hupulizwa vishada vinapoanza kuchomoza. Ukingoja uone unga umetapakaa, maua ya kwanza yameshakwenda.