Chusa hakikuwa cha kuua nyangumi

Wengi wakiona michoro ya zamani ya wawindaji wa nyangumi wanajua jamaa akirusha chusa (ule mkuki wenye ndoano na kamba) tu basi, mnyama kafa. Sio hivyo aisee. Chusa cha mkono kazi yake ilikuwa kumnasa, kinazama kwenye nyama na kamba iko nyuma yake, nyangumi anatimua mbio anaiburuta boti na watu wake mpaka achoke, hapo ndo wanamsogelea na mkuki mrefu usio na ndoano wanamchoma kwenye mapafu. Huo mkuki ndo muuaji.

Sasa shida ya chusa ilikuwa kuchomoka. Mwaka 1848 fundi chuma mmoja mweusi wa New Bedford, Marekani, Lewis Temple, akatengeneza chenye kichwa kinachogeuka kikishaingia, kinakaa kwa kukingama, hakitoki ng'o. Hakukisajili, mafundi wengine wakakopi wakapiga hela (inauma kwa kweli). Ila Wainuit, wenyeji wa nchi za barafu kaskazini mwa dunia, walikuwa na vya namna hiyo tangu zamani sana.

Chusa kinachoua chenyewe kimekuja baadaye, kile cha mzinga chenye bomu kichwani, cha Svend Foyn wa Norwei, miaka ya 1860 kuelekea 1870.

Na wanaosema ni silaha ya wazungu wa baharini, waende Katanda, Kongo, kwenye mto Semliki, zimepatikana ncha za mfupa zenye meno zinazokadiriwa kuwa na miaka kama 90,000, pamoja na mifupa ya kambare.