Ukuta wa Seli Unavyolitawala Jani

Michoro mingi ya darasani huuonyesha ukuta wa seli ya mmea kama mstari mnene uliozunguka seli, basi. Mchoro huo umewapotosha wengi. Katika jani changa ukuta huu hujengwa na kulegezwa bila kupumzika, na kemia yake huamua jani litapanuka kiasi gani na litapata kabonidioksaidi kwa urahisi gani.

Tuanze na kupanuka. Sehemu kubwa ya upana wa jani haitokani na seli kugawanyika, bali na seli zilizokwisha kuwepo kujaa maji na kuvimba. Mara nyingi maji hayo huusukuma ukuta kwa nguvu inayozidi ile ya upepo ndani ya tairi la gari dogo. Seli haipasuki kwa sababu imefungwa na nyuzi za selulosi, zilizoshikamana na hemiselulosi, minyororo ya sukari inayoziunganisha, na kuzama ndani ya pektini, ileile inayogandisha jamu.

Seli iliyobanwa hivyo hukuaje? Huulegeza ukuta wake yenyewe. Homoni ya oksini huziamsha pampu za utando wa seli, nazo hutoa ioni za haidrojeni kwenda kwenye ukuta. Ukuta unakuwa na asidi, pH ikishuka hadi kati ya 4.5 na 5 hivi. Hapo ndipo protini ziitwazo ekspansini, zilizotambuliwa mwaka 1992, zinapopata nafasi: huachanisha nyuzi zilizoshikana ili ziteleze, bila kukata hata moja. Ukuta unanyooka, maji yanaingia, seli inaongezeka.

Breki nazo zipo. Kuna kimeng'enya kinachoondoa vikundi vya methili, vipande vidogo vya kaboni na haidrojeni, kwenye pektini. Kalsiamu ikizishika sehemu zilizoachwa wazi, pektini inakaza. Boroni nayo hufunga pektini ya aina nyingine, na mmea hauihitaji kwa wingi. Ikikosekana, hata hivyo, majani machanga hudumaa, hujikunja na kuvunjika kirahisi. Dalili hiyo wengi huidhania ugonjwa.

Kwenye usanisinuru, macho ya watu huishia kwenye stomata, yaani matundu madogo ya ngozi ya jani yanayopitisha hewa. Lakini kabonidioksaidi ikishapita hapo bado haijafika. Lazima iyeyuke kwenye maji yaliyolowanisha ukuta, ipenye vitundu vyake, kisha ivuke tando hadi ndani ya kloroplasti, sehemu ya seli inayotengeneza sukari. Gesi hii husambaa ndani ya maji polepole kuliko hewani kwa karibu mara 10,000. Kwa hiyo ukuta wenye unene wa sehemu ndogo tu ya maikromita ni kizuizi cha kweli, na ukizidi unene kidogo, au vitundu vyake vikibana, kloroplasti hupata gesi pungufu hata stomata zikiwa wazi kabisa. Pektini inaingia hapa pia: inapoyeyushwa kwenye viungo vya seli, seli huachana na kubakisha nafasi za hewa katikati ya jani.

Ndiyo maana majani magumu yanayodumu miaka kadhaa mtini, kwa kawaida, husanisi sukari polepole kuliko majani laini ya msimu mmoja. Kaboni nyingi imekwenda kwenye kuta, na kuta hizo zinaichelewesha gesi.

Wapo wanaotamani mazao yenye kuta nyembamba zaidi. Wazo si baya, ila mimi ningelijaribu kwa tahadhari: ukuta huohuo ndio unaolizuia jani lisisinyae ukame ukija, na ndio kuvu na wadudu wanaoutoboa kwanza.