Koni za mipaini, jiki na ndoo ya Krismasi

Kila Krismasi ikikaribia, simu za kitengo chetu hubadilika. Swali ni lile lile: "Nimeloweka koni za mipaini kwenye jiki tangu jana ziwe nyeupe kwa mapambo, mbona bado za kahawia, niongeze nini?" Usiongeze kitu. Ningeweza kuishia hapo, lakini watu wanaendelea kuongeza.

Koni nyingi zinazouzwa mijini ni za patula, mpaini uliojaa Mufindi, mkoani Iringa. Hukaa tawini miaka zikiwa zimefumba, na utomvu wake huzuia jiki isipenye. Zianike kwanza zifumbuke. Ndoo iwe ya plastiki, kwa sababu jiki hula sufuria ya alumini. Weka nusu jiki nusu maji baridi, kazi ifanyike nje, na juu ya koni weka sahani yenye jiwe maana zinaelea. Zitafumba tena majini. Hazijaharibika, suuza, anika, zitafumbuka baada ya siku kadhaa. Nyeupe ya karatasi hutaipata. Utapata rangi ya krimu, na inapendeza.

Sasa hili la kuchanganya. Mama mmoja alituletea ndoo yake ikiwa imefunikwa kwa kanga: jiki, siki, dawa ya choo, na maganda ya ndimu yakielea juu. Alikuwa amekohoa usiku kucha, na bado alituuliza kama angeongeza ndimu. Hapana, mama. Tindikali yoyote, iwe siki, ndimu au ile iliyomo kwenye dawa nyingi za choo, ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ni nzito karibu mara mbili na nusu kuliko hewa, kwa hiyo hutulia chini, pale mtoto anapochezea. Dawa za usafi zenye amonia nazo hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Ile harufu kali haimaanishi kwamba "dawa inafanya kazi". Sijui nani aliwafundisha hivyo.

Kuhusu jiki ya kupimiwa kwenye chupa za maji ya kunywa: chini ya Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani, Sura 182, anayezalisha, kuingiza, kuhifadhi au kuuza kemikali husajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Usajili unafuata utaratibu: maombi, ada, ukaguzi wa eneo, ndipo cheti. Chombo nacho kinapaswa kuwa na lebo inayoonyesha jina la kemikali, tahadhari na mtengenezaji. Kukiuka ni kosa la jinai, na "mimi nauza kidogo tu" si utetezi. Koni zenyewe, zikitoka shamba la serikali kama Sao Hill, ni mazao ya misitu. Kibali kinaombwa ofisi ya shamba kabla ya kuokota, si ukishafika kwenye kizuizi cha barabarani na gunia.

Ukivuta ile hewa, toka nje na uiache ndoo ilipo. Jicho likirukiwa, lioshe kwa maji yanayotiririka dakika 15 bila kukatisha, kisha nenda hospitali. Aliyekunywa asitapishwe wala asipewe maziwa kwa galoni kama wanavyoshauriana majirani. Suuza mdomo, mpeleke. Na chupa ichukueni pia, kwa sababu daktari atauliza alikunywa nini, na lebo ya maji ya kunywa haitamjibu.